Difu ya Mbele

Eburru
6 Mei 2025

Wanjugu,

Sianzi na salamu kwa sababu sina ya kukupa.

Jana asubuhi ndugu yako amekatwa mguu. Ni ule wa kulia, chini ya goti. Siku kumi na moja madaktari wamehangaika kuuokoa, na siku kumi na moja nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda nikiona vidole vinageuka rangi. Jana wakamletea karatasi. Alitia sahihi mwenyewe. Mimi nilimshikia karatasi.

Namba yako nimeifunga kwenye simu yangu. Sitaki kusikia sauti yako ikinieleza mambo ya spana wakati Jamleck amelala pale. Ukiwa na neno, liandike. Nimekaa ofisi ya shule miaka ishirini na saba nikisoma barua za wazazi waongo, naweza kusoma moja zaidi.

Novemba ulikuja hapa na sanduku lako la vyuma. Ukalala siku mbili. Ukafungua ile quad, pikipiki yetu ya kubebea maziwa, mbele ya uwanja mzima, mafuta mpaka kwenye viwiko, ukaifunga tena na ukaniambia, "Baba, hii sasa itapanda popote." Majirani wakakupigia makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi. Magurudumu manne, yote yanavuta, ulisema. Alhamisi baada ya Pasaka haikuweza kupanda mlima wa kwa jirani yetu Wangu, mlima ambao punda wa Wangu anapanda kila siku na mapipa ya maji. Ikarudi nyuma na ndugu yako na makopo sita ya maziwa ya watu, ikamlalia.

Nilikukataza ukiwa kidato cha nne. Nilikuambia kazi ya gereji si ya msichana, ukanijibu kwamba nati haijui nani anaifungua. Haya basi. Sasa tumejua nani aliifungua.

Wazee wa ukoo walikaa hapa Jumamosi na wamekubaliana nami. Usikanyage hapa mpaka nikuite. Kikundi cha maziwa nimewaambia wasikuletee mashine yoyote. Yule meneja wa shamba la maua unayemtengenezea quad naye alinipigia kuuliza kama aliyoyasikia ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Baba yako, kwa sababu hilo siwezi kulibadilisha,
Kahiga


Nakuru
9 Mei 2025

Baba,

Mimi nakusalimu. Ukitaka usiitikie.

Nilienda hospitali ya Naivasha Jumatano. Hukuniona kwa sababu ulikuwa umeenda kununua chai. Jamleck alinitazama mara moja, akageuza uso ukutani. Mkewe Sue akanishika mkono akanitoa nje ya wodi, akaniambia, "Tafadhali, dada, usimsumbue." Nilisimama kwenye ile veranda na mfuko wa machungwa kama mtu aliyekosea nyumba. Kwa hiyo kama ulitaka niumie, shughuli hiyo imefanyika, unaweza kupumzika.

Shamba la maua wamechukua quad zao zote jana. Dereva alipakia moja ikiwa nusu, boliti zake ndani ya ndoo. Hakuniangalia. Wale ni watu niliowafanyia kazi miaka minne, na wewe umeniondolea kwa simu moja.

Sasa nisikilize, maana hujawahi kunisikiliza nikieleza kazi yangu.

Ile quad, magurudumu ya nyuma yako kwenye ekseli moja ngumu. Yanazunguka pamoja, yakitaka yasitake. Ya mbele hayawezi kufungwa hivyo, kwa sababu ukikata kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Yakilazimishwa kwenda sawa, usukani unagoma. Ndiyo maana mbele kuna difu. Difu inaachia kila gurudumu mwendo wake. Kwenye barabara kavu ni kitu kizuri sana.

Lakini difu ina tabia moja mbaya, Baba. Nguvu inampa yule asiyeipinga. Gurudumu moja likiwa kwenye tope na lingine kwenye jiwe, lile la tope linazunguka bure kama pia ya watoto, na lile la jiwe, ambalo ndilo lingekuvuta, linasimama tu. Unakuwa na magurudumu manne na mbele hakuna linalofanya kazi.

Kwa ajili hiyo wakaweka kufuli. Ndani ya difu kuna ringi ya chuma yenye meno. Ukibana ile liva ndogo ya kwenye usukani kwa kidole gumba, kebo inaivuta ringi, meno yanaingia, na pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Hapo la jiwe halina budi kuvuta. Usukani unakuwa mzito, ndiyo, kwa hiyo unafunga ukiwa mlimani tu, ukifika juu unaachia.

Novemba nilibadilisha sili zinazozuia oili na beringi, nikaweka oili mpya. Halafu nikainua mbele juu ya magogo, na wewe ulisimama pale na kikombe chako. Nikazungusha gurudumu la kulia kwa mkono, la kushoto likarudi nyuma, kama inavyotakiwa. Nikabana liva, nikazungusha tena, yakaenda pamoja. Ulisema, "Kumbe." Neno moja tu ulilosema, lakini nililisikia.

Kwa hiyo kitu kilichokuwa kinafanya kazi Novemba kimekataa Aprili. Nataka kujua kwa nini. Inawezekana ni kosa langu. Pengine kebo niliikaza vibaya, pengine kuna pini nilisahau. Nimelala nikiwaza hiyo pini kila siku tangu Pasaka. Kama ni mimi, nitabeba. Nitakuja mbele ya hao wazee wako na nitapiga magoti. Lakini sitabeba kitu ambacho sijakishika mkononi.

Usiiguse ile mashine. Usiruhusu mtu aifungue. Nitatuma pikapu Jumatano niichukue.

Mtoto wako,
Wanjugu


Eburru
13 Mei 2025

Wanjugu,

Pikapu usitume. Quad haipo. Nimeiuza chuma chakavu jana na sitaki kuiona tena kwenye uwanja wangu ikiwa na damu ya mtoto wangu kwenye matope yake.

Umeniandikia somo kama mimi ni mtoto wa darasa la pili. Najua difu ni nini. Najua ukifunga kile kitu chako usukani unageuka kuwa pembe za ng'ombe dume, na mtu anayeandika tu kwamba "unakuwa mzito, ndiyo" hajawahi kushuka nayo kwenye josho la ng'ombe na mabega ya miaka sabini na moja. Ninyi vijana mnatengeneza vitu kwa ajili ya mikono yenu tu.

Unataka kuifungua utafute nini? Ukifungua hutapata kitu. Utapata chuma na oili, na mguu wa Jamleck hautakuwa ndani.

Usiniandikie tena habari ya mashine. Mwandikie ndugu yako, umwombe msamaha, kama unajua kuomba.

Kahiga


Wodi ya wanaume, Naivasha
17 Mei 2025

Sis,

Baba ameniambia utaniandikia. Hujaandika. Basi naanza mimi, kwa karatasi ya daftari la nesi, kwa sababu simu yangu ilibaki chini ya ile kitu ikapondwa.

Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma. Nilikuwa nakutetea, unajua? Pale kwa kikundi wanaume wakicheka eti fundi wenu anavaa hereni, mimi ndiye nilikuwa nasimama. Siku moja karibu nipigane na Maina anayesaga unga pale posho mill kwa sababu yako.

Ngoja nikuambie vile ilikuwa, ukae nayo.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatatu. Barabara ya chini ilikuwa imekatika, so nikaamua nipandie kwa Wangu nitokee juu. Makopo sita nyuma, nimeyafunga na mpira. Nikafika pale katikati, pale mtaro unavuka. Gurudumu la mbele la kushoto likaingia kwa mtaro, la kulia lilikuwa juu ya lile jiwe kubwa jeusi. Nyuma tope tupu, zinachimba tu. Nikasema sawa, hapa ndipo pa kufunga difu. Nikabana ile liva. Nikaangalia chini, naona la kushoto linazunguka mbio, linanirushia matope usoni. La kulia, Wanjugu, halikusonga hata kidogo. Lilikaa juu ya jiwe kama limelala. Nikaachia nikabana tena. Nilibana mpaka kucha ikageuka nyeupe. Nilikuwa naongea na wewe peke yangu, nasema, "Shika, sis, shika, umesema itashika."

Halafu ikaanza kurudi. Breki nikapiga, zikafunga, lakini tope ni kama sabuni. Ikageuka upande. Kuruka ningeruka, but niliwaza yale maziwa ni ya jirani, Mathe Wangu, na wengine watano. Hiyo sekunde ya kuwaza maziwa ndiyo ilininyima mguu.

Baba ndiye alifika wa kwanza. Alitoka nyumbani mbio bila viatu. Sikujua anaweza kukimbia hivyo.

Sasa niambie ukweli moja tu. Hiyo kufuli uliirudisha ndani ama ulisahau? Usinipe somo. Nijibu ndiyo ama la.

Jamleck


Nakuru
24 Mei 2025

Baba,

Uliandika kwamba nikifungua sitapata kitu. Ulisema kweli kabisa. Sikupata kitu.

Jumanne nilishuka Gilgil, mji wa karibu na kwenu, na nikapita yadi za chuma chakavu moja baada ya nyingine. Ya nne ni ya mama mmoja anaitwa Yurub, iko nyuma ya soko. Quad yetu ilikuwa pale, imelazwa ubavu chini ya mabati. Nilimwambia ni ya ndugu yangu na kwamba amepoteza mguu. Yule mama akaniambia, "Mzee aliyeileta alitaka niikate siku hiyo hiyo. Alisimama hapa akingoja. Nikamwambia mashine ya kukata imeharibika. Haikuwa imeharibika, dada, lakini sipendi mtu anayeharakisha hivyo."

Alinipa difu ya mbele na akakataa kupokea kitu.

Niliifungua pale pale, nimekaa juu ya tairi. Baba, silikoni yangu ya kuziba oili ni ya kijivu. Fundi wangu aliyenifundisha alitumia ya kijivu na mimi sijawahi kununua nyingine. Ile niliyoikuta pale kwenye mdomo wa difu ni nyekundu. Boliti mbili zimeliwa kona kwa spana ya bomba. Mimi singefanya hivyo hata nikiwa nimelewa. Na ndani, beringi zangu zipo, sili zangu zipo, oili ni safi. Ringi ya meno haipo. Uma unaoisukuma haupo. Kebo imekatwa na kufungwa fundo mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuona, ili liva ibaki pale juu na mtu ahisi inavuta kitu.

Jamleck alikuwa anabana fundo.

Nilikwenda barabarani kuuliza nani hapa Gilgil anafanya quad na anatumia silikoni nyekundu. Haikuchukua saa moja. Anaitwa Kosgei, ana banda karibu na kituo cha mafuta. Nilipomwonyesha difu alijua kabla sijasema neno. Akaingia ndani akatoka na kopo la rangi la zamani, akaingiza mkono na akatoa ringi yetu. Alikuwa ameiweka.

Aliniambia, "Mzee alikuja Januari mwishoni. Alisema usukani unamvunja bega, nitoe kitu kinachofanya uwe mzito. Nikamwambia, mzee, hii ikitoka, hii si quad tena ya mlima. Akasema toa. Nikamwambia basi kijana wako ajue, kabla mvua haijaanza. Akasema kijana atajua."

Nimekufungia hiyo ringi kwenye kitambaa, iko ndani ya bahasha hii. Ishike. Ihesabu meno.

Mwezi mzima nimekuwa nikiamka nikitafuta pini kichwani mwangu. Nimepoteza wateja. Nimegeuziwa uso na ndugu yangu mgonjwa. Wazee wamekaa kunihukumu na wewe ukiwa mwenyekiti wa kikao. Umenitupa nje ya nyumba aliyonizalia mama. Na wakati wote huo ulikuwa unajua. Ulijua ukiandika ile barua ya kwanza! Mtu anawezaje kuandika "nimekaa nikisoma barua za wazazi waongo" na kalamu isimkwame?

Jamleck ameniandikia. Ananiuliza kama niliirudisha kufuli, ndiyo au la. Sijamjibu. Nataka kwanza nijue wewe ni mtu wa aina gani.

Wanjugu


Eburru
29 Mei 2025

Mwanangu Wanjugu,

Nimeishika. Ina meno kumi na mawili.

Sitakana. Lakini na wewe utanisikiliza, kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia.

Tarehe kumi na tisa Januari nilitoka na quad kwenda kwenye josho. Nilifunga kufuli kupanda ule mgongo, na nilipofika juu nikasahau kuachia. Kwenye kona ya chini nikageuza usukani, haukugeuka. Nikauvuta, ukanivuta. Ulinitupa kwenye ua wa seng'enge. Bega likatoka mahali pake, na nikasikia linarudi lenyewe. Nililala pale kama gunia mpaka kivuli cha mti wa mreteni kikanipita. Hakuna aliyeniona. Niliinuka nikajipangusa, nikarudi nyumbani nikasema nimechomwa na seng'enge nikirekebisha ua.

Wewe hujui ni kitu gani mtu akigundua kwamba mashine ya mtoto wake imemshinda. Mimi ndiye niliyelima shamba hili kwa jembe wakati lilikuwa kichaka cha leleshwa. Sasa nilikuwa nashindwa kukata kona.

Kosgei alisema nimwambie Jamleck. Nilikusudia kumwambia. Niliporudi kutoka Gilgil alikuwa anaosha makopo pale nje. Nikazima injini, nikafungua mdomo. Akacheka akasema, "Baba, leo unaendesha kama kijana!" Wanjugu, nilimeza maneno. Nikasema nitamwambia kesho. Ilikuwa kiangazi. Kila kesho ilikuwa kavu, na mashine ilipanda vizuri tu, na kufuli hakuna aliyelihitaji. Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusahau kwamba halipo.

Alhamisi ile nilikuwa mlangoni na chai. Nilimwona akifunga makopo. Nilijua barabara ya chini imekatika. Sikusahau siku hiyo. Niliwaza, kijana ana nguvu, anajua kuendesha, atapita. Nikanywa chai yangu mpaka nikasikia Wangu anapiga mayowe.

Sasa nakuomba. Ile nusu eka ya barabarani, ile mliyokuwa mnagombana mkiwa wadogo nani atajenga, nitakuandikia. Wiki hii nitakwenda kwa chifu. Utajenga gereji yako hapo, na mimi mwenyewe nitawaambia wazee kwamba nimekusamehe na mambo yaishe. Kwa Jamleck tuseme kebo ilikatika. Kebo hukatika, si ndiyo? Hakuna atakayelaumiwa. Mimi ni mzee wa kanisa. Watu wa kikundi wananiachia funguo za ofisi. Nikisema jambo hili, sitakuwa na mahali pa kukaa hapa duniani, na siku zangu zilizobaki ni chache.

Nihurumie, mimi baba yako.
Kahiga


Nakuru
1 Juni 2025

Baba,

Nimesoma barua yako mara tatu. Nilipofika pale ulipolala kwenye seng'enge peke yako nililia. Nilitaka ujue hilo kabla sijasema mengine.

Sasa mengine.

Umesema utawaambia wazee kwamba *umenisamehe*. Umenisamehe nini? Unanipa nusu eka ili niendelee kuwa mtu aliyemkata Jamleck mguu, ila polepole, kwa heshima, na ua umezungushwa. Sitaki shamba lako. Lipande viazi.

Na kebo haikukatika. Ilikatwa. Mimi kila siku nawaambia madereva ukweli kuhusu gari zao hata wakinuna, kwa sababu mtu anaondoka hapa akiwa na watoto nyuma. Hiyo ndiyo kazi uliyosema si ya msichana. Hakuna kipande chake ambacho kinaruhusu nimdanganye mtu aliyelala wodini.

Bega lako ningelitengenezea njia. Ungenipigia simu moja Januari, ungesema, "Wanjugu, usukani umenishinda." Ningerefusha usukani. Ningekuwekea springi, kufuli lijiachie lenyewe. Kama yote yangeshindikana ningeiondoa mimi mwenyewe, na ningeandika kwa rangi nyekundu juu ya tangi: HAIPANDI MLIMA. Lakini ungelazimika kuniambia, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko usukani.

Nimemjibu Jamleck mstari mmoja: "Ndiyo, niliirudisha. Mengine muulize Baba."

Utakwenda Naivasha. Utamwambia kwa mdomo wako, si kwa karatasi, na Sue akiwepo. Halafu utawaambia kikundi cha maziwa, halafu wale wazee, halafu utampigia meneja wa shamba la maua kwa simu ile ile uliyonimalizia nayo. Unayo mpaka Jumapili tarehe nane. Ikipita, nitakuja mwenyewe kanisani na ile difu, na nitaifungua juu ya meza ya matangazo.

Usinijaribu, Baba. Nimetoka kwako.

Wanjugu


Wodi ya wanaume, Naivasha
14 Juni 2025

Baba,

Wanjugu ameniletea simu, lakini kukupigia siwezi. Nikisikia unapumua nitakata. So nakuandikia, kama ninyi wawili.

Siku ile ulikuja kusema ukweli, nilikufukuza mbele ya wodi nzima na sijutii. Yule mzee wa kitanda cha pili aliniambia eti baba ni baba. Nikamwambia alale.

Nimesikia ulienda kwa kikundi. Mathe Wangu alikuja kuniona jana akanielezea. Eti ulisimama bila kofia, ukasema jambo lote mpaka pale pa chai, na ulipomaliza ukaweka funguo za ofisi juu ya meza ukatoka. Wangu anasema walikuachia uende. Mmoja tu ndiye alikufuata nje, naye alitaka kukupiga. Maina. Mimi nilitaka kujua kama nitafurahi nikisikia hivyo. Sikufurahi. Nilisikia njaa tu, nikala.

Na wale wa maua wamempigia Wanjugu. Amewaambia atafikiria. Hiyo ilinichekesha kidogo.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukusema kwa kikundi, na hukukiandika kwa Wanjugu, kwa sababu nimemuuliza. Labda umejisahaulisha. Mimi sijasahau.

Ulipofika pale chini, mimi nikiwa bado nimelaliwa, ulipiga magoti kwenye matope. Ukanishika kichwa. Nikakuambia, "Baba, haijashika. Nimebana haijashika." Na wewe kitu cha kwanza ulichosema, kabla hujaita watu, kabla hujauliza naumia wapi, ulisema, "Ni kazi ya dada yako hiyo."

Mguu nimeukubali. Ajali ni ajali, na mtu anaweza kuogopa kusema amezeeka. Ningekusamehe hiyo kufikia Krismasi. Lakini mimi nilikuwa chini ya chuma, sijui kama nitaishi, na wewe tayari ulikuwa unanipa mtu wa kuchukia. Ulinipa dada yangu. Na mimi nikampokea, nikamchukia mwezi mzima, nikamgeuzia mgongo akiwa amebeba machungwa. Hiyo ndiyo sijui nitaiweka wapi.

Wananiachilia Alhamisi. Nimefundishwa magongo na naenda mpaka choo cha mwisho na kurudi. Nilikuwa nimepanga niende nikae kwa Wanjugu Nakuru, na yeye alikuwa amenitafutia kitanda. Lakini Sue amekataa. Anasema ng'ombe wake wako Eburru, mboga zake ziko Eburru, na hatatoka kwake kwa sababu ya mtu mwingine kuona aibu. Basi tunakuja.

Usikodi gari. Wanjugu ndiye atatuleta, na gari lake. Ataingia nalo mpaka mlango wangu. Atashuka, atakunywa chai kwa Sue, na akitaka kulala atalala.

Wewe utakuwa kwa geti. Usitume mtu. Usiwe umevaa suti, usilete wazee, usiombe sala. Utafungua kwa mkono wako ule mzima, ufungue milango yote miwili ya geti, na usimame kando tupite.

Mimi nitakaa mbele na yeye. Nitakusalimia. Zaidi ya hapo sijui, na usiniulize siku hiyo.

Jamleck